Dubwana Lisilotoka Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Dada ameitwa ofisini kwa matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini kwake. Anapewa wodi. Wodi nzima ya watoto, yeye ndiye mkuu. Nikampongeza. Kisha akautaja mji. Ni safari ya basi ya kutwa nzima. Nikazirudisha pongezi, kimoyomoyo.

Anatakiwa kujibu Jumatatu ijayo. Anasema hajaamua. Akaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Dada akiosha vikombe visafi, ujue ameamua nusu.

Nyumba ni ya mama. Tangu tumzike mwaka jana tumebaki wawili, na meza kubwa ya chakula ambayo haijai isipokuwa Jumamosi, wenzetu wakija kucheza. Mimi ndiye msimulizi. Natunga hadithi, wao wanakuwa watu ndani yake, dadu zinaamua nani apone. Dada akiondoka, nani atachemsha chai? Nani atasema "haya, tuanze" kwa sauti ile? Hilo la mwisho sijui kwa nini nimeliandika.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo mpya. Wa kutisha, na mrefu kama reli. Sura zake zinatosha miaka miwili, na mtu mwenye adabu haachi hadithi katikati. Safari hii wachezaji hawakimbii madubwana. Wao ndio madubwana. Kila mmoja na ukoo wake, kila ukoo na nguvu yake na mwiko wake. Ukivunja mwiko unageuka mtu wa kawaida papo hapo. Na sheria ya mama, aliyoiweka enzi za karata, inabaki palepale: neno likishatamkwa mezani limetendeka.

Ukoo wa Dada ni Mlinzi wa Kizingiti. Akiwa ndani ya nyumba hakuna wa kumshinda. Anasogeza kuta. Anasikia pumzi ya kila aliye chini ya paa. Mwiko wake ni mmoja tu, mdogo: hatoki nje.

Nimeusoma tena na tena. Hakuna atakayeshuku.

Jumatano, 5 Machi

Mfamasia, mwenzetu wa mchezo wa Jumamosi, amepita akitoka dukani kwake. Wenzangu humwita Daktari. Mimi simwiti. Amemwambia Dada, mbele yangu, huku akinywa chai yetu, kwamba bahati haiji mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huyu bwana ushauri unamtoka kama maji kwenye bomba bovu. Anashauri watu namna ya kukaa, namna ya kutafuna, namna ya kupiga chafya. Nimemtungia Dubwana la Mfereji. Ni ute mtupu. Linaishi ndani ya mabomba, halina masikio. Mwiko: halitoi ushauri. Hatafika kikombe cha pili.

Bi Pindo, fundi cherehani wa mtaani kwetu, nimempa Mshona Vivuli. Anakishona kivuli chako ukutani, hubanduki. Mwiko: hacheki. Bi Pindo hucheka hata tangazo la msiba likisomwa. Wote wawili watakuwa binadamu mapema, watabaki wakimtazama Dada anavyotawala nyumba. Ataipenda nyumba. Hesabu imekaa sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa kazini. Jana nilitoa nakala za madubwana kwenye mashine ya duka letu la uchapaji, bosi akiwa nje. Leo amekuja katibu wa kamati ya maji na taarifa yao tuliyoichapa na kuibana jana hiyo hiyo. Ukurasa wa nne ulikuwa Dubwana la Mfereji. Aliusoma kwa sauti mbele ya bosi, mpaka pale linapomsubiri mtu bafuni.

Nikasema ni kosa la mashine. Bosi akauliza tangu lini mashine inatunga. Katibu, kwa haki yake, alisema ukurasa huo ndio pekee uliosomwa na kikao kizima. Wajumbe wawili walitaka kujua litashughulikiwa lini.

Nimepewa onyo. Nimelipokea kwa heshima. Wavumbuzi hawaeleweki.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Pindo amekuja kumpima Dada sare mpya. Nikamuuliza sare mpya ya nini. Akasema ya kuvaa.

Akaziona karatasi zangu, akasoma ya Mlinzi wa Kizingiti. Akasema anamjua mtu wa namna hiyo. Amejifungia kwenye nyumba ya mama yake, hataki kutoka, na hataki wengine watoke. Nikamwambia majirani wengine wana shida kweli. Akanitazama kwa huruma, nadhani kwa ajili ya huyo jirani.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Dada aliisoma karatasi yake. Ina mistari michache, lakini aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akasema haya, tuanze.

Mfamasia hakumaliza hata kikombe cha kwanza. Alimshauri Bi Pindo atikise dadu kwa mkono wa kushoto. Mwiko umevunjika, nikatangaza. Akawa mtu wa kawaida, nikamtoa nje ya nyumba ya hadithi, nikamsimamisha getini. Nilifurahi sana. Ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nimepanga moto. Moto mdogo tu: wanakijiji wanaichoma nyumba, Mlinzi anasogeza kuta, anaokoa wote, anaona jinsi nyumba isivyoweza kuishi bila yeye. Lakini dadu zilikataa. Kuta hazikusogea. Bi Pindo akaruka dirishani. Paa likashika. Mle ndani akabaki Dada peke yake.

Mfamasia, kutoka getini, akamwambia atoke. Nikamkumbusha kwamba haruhusiwi kushauri. Akajibu kwa upole kwamba mwiko huo ulikuwa wa dubwana, naye si dubwana tena, nimeandika mwenyewe. Ni kweli nimeandika.

Nikasema mvua imeanza kunyesha. Bi Pindo akataka dadu ziamue. Dadu zikakataa mvua. Nikasema nyumba ni ya mawe. Bi Pindo akanionyesha karatasi yangu, paa la makuti. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Dada akauliza, akitoka inakuwaje. Nikasema anakuwa mtu wa kawaida. Akauliza mtu wa kawaida anaweza kufanya nini. Nikapekua karatasi zote. Sikuwa nimeandika kitu.

"Basi nitajua nikishafika," akasema. "Natoka."

Neno likishatamkwa mezani limetendeka. Nikaichukua karatasi yake. Bi Pindo hakucheka mchezo mzima. Mwishoni alikuwa akilia, na kulia sikumwekea mwiko.

Jumapili, 9 Machi

Dada alikuwa jikoni. Vikombe vilikuwa vichafu kweli, akaviacha, akavuta kiti.

Akasema alijijua tangu mstari wa kwanza. Akasema aliwahi kupewa wodi kabla ya hii, mwaka mama alipolala kitandani, akaikataa bila kumwambia mtu, na hajutii. Lakini mama hayupo tena kitandani. Aliyebaki wa kulindwa ni mwanamume mwenye ndevu, ana kazi yake, na ana afya ya punda.

Kisha akaniuliza mimi ni dubwana gani. Nikasema msimulizi hana ukoo.

"Unao, mdogo wangu," akasema. "Na mwiko wako ndio ule ule ulionipa mimi."

Nilikasirika. Halafu hasira ikaisha, nikasema nilichokuwa sijasema wiki nzima. Kwamba naogopa. Kwamba nyumba hii asubuhi, kabla hajaamka, naijua ilivyo, na sitaki iwe hivyo kutwa. Akanishika bega. Akasema naye anaogopa, hajawahi kulala mji ambao mama hakuwahi kuukanyaga.

Nikaona upenyo. Nikasema kama sote wawili tunaogopa, si bora abaki. Akacheka mpaka akafuta macho. Sikuona kichekesho.

Jumatatu, 10 Machi

Amejibu. Anakwenda.

Nilimpigia pasi sare mpya. Nimeichoma kidogo kwenye kola, kwa bahati mbaya. Bi Pindo amebadilisha kola kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi, 22 Machi

Dada aliondoka Jumatano. Leo tumeiweka simu juu ya kiti chake, imeegemea bakuli la sukari, sauti yake ikitoka humo. Ni wazo la Mfamasia. Nimeliingiza kwenye kanuni za mchezo kama langu. Chai nilichemsha mimi. Bi Pindo alikunywa nusu, akaniombea dua.

Dada akasema haya, tuanze. Ilibidi nitoke kidogo, nijifanye natafuta dadu.

Kabla ya mchezo nilikuwa nimemtumia ukoo mpya, kazi ya wiki nzima. Mruka Mbali. Nguvu: anaruka umbali wowote. Mwiko: hakosi Jumamosi kwenye meza ya mama, yeye mwenyewe, si simu. Nadhani safari hii nimeuficha vizuri.

Jioni amenijibu. Hakusema lolote kuhusu Mruka Mbali. Amenitungia mimi ukoo, wa kwanza kuutunga maishani mwake. Jina: Mtu wa Kawaida. Nguvu: anapanda basi, anakwenda kumtembelea dada yake, kitanda cha pili kimeshatandikwa. Mwiko: hana.

Nimeusoma mara nyingi. Nia njema, lakini ufundi hamna. Ukoo usio na mwiko unavuruga mchezo mzima. Mtu ataondoka tu, hivi hivi, siku yoyote atakayo, aende anakopendwa. Hakuna meza inayoweza kuhimili jambo kama hilo.

Nimeurekebisha, nikamrudishia, kwa faida yake. Mwiko: hapandi basi.