Kikwembe cha Kuku

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa tatu

Madame Adeline, mwalimu wetu wa usalama wa mitandao, ametupatia kazi ya mikono. Kila mwanafunzi atengeneze ukurasa wa uongo, amutege mwenzake mpaka atoe neno lake la siri. Sharti: tusitoke nje ya darasa. Atakayeshinda ataenda stage, kujifunza kazi, Kisangani. Nafasi moja tu! Ninaitaka kuliko chakula. Lakini Ketsia naye anaitaka. Ketsia yule anayecheka kwa pua. Nitamukomesha.

Siku ya pili, tarehe 5

Akili imekuja nikinawa uso. Wamama wa Bunia nzima wanangoja kikwembe, kitenge cha sikukuu yao ya wanawake, tarehe 8. Nani atajizuia? Nimetengeneza ukurasa: andika neno la siri, uone kikwembe cha mwaka huu. Picha nimeokota tu: chekundu, chenye kuku weupe. Kibaya kabisa! Si kitu.

Shida: Ketsia hafungui kitu changu. Lakini mama yangu ni sekretere wa grupu la simu la wamama wa kartie, mutaa wetu, pale wanapopashana habari za usalama wa barabara: leo njia ya Iga Barrière inapitika, leo kila mutu abaki nyumbani. Kitu cha grupu lile kila mutu anafungua, na Ketsia naye yumo. Nimemuomba mama akitume. Hakuuliza kitu. Alisema tu asante, mutoto wangu. Nje ya darasa? Kidogo tu.

Siku ya tatu, tarehe 6

Aka! Ketsia hakunasa. Aliuliza mbele ya wamama wote tangu lini kikwembe kinaomba neno la siri. Akaongeza: mutu asiguse! Mama akamujibu kwamba hii imetoka kwa Orly wake, anasoma mashini, na Orly hadanganyi.

Nimefungua ukurasa. Amenasa mutu mumoja. Neno lake la siri: Orlywangu. Nimezima mashini. Nimesikia haya mpaka masikio yanawaka. Kesho nitamuambia.

Siku ya ine, tarehe 7

Sikumuambia. Nimemukuta na furaha. Amezunguka soko lote mpaka akapata chekundu chenye kuku, na fundi amekwisha kushona. Akazunguka mbele yangu nione. Nikasema kinamupendeza. Mwoga weye, Orly!

Siku ya tano, tarehe 8

Defile, maandamano ya sikukuu. Wamama wote kijani. Mama yangu peke yake mwekundu, na kuku zake, katikati ya safu. Watu wakacheka. Nikajificha nyuma ya pikipiki. Mama Bernadette, jirani yetu, akamuuliza nani alimudanganya. Mama akajibu alikosea mwenyewe. Mwenyewe! Akaendelea kutembea, kichwa juu. Ardhi ingenimeza tu.

Siku ya posho, tarehe 9

Ketsia amepeleka habari kwa Madame. Nimepata zero. Madame hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali apige kelele. Alisema watu wanasafiri kwa kuamini grupu lile. Siku wakiacha kuliamini, mutu atashika njia mbaya na hatarudi. Stage ni ya Ketsia. Hata hakucheka. Alisema tu mutego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Jioni nimemuambia mama yote. Akasema kikwembe atakivaa tu, kitambaa hakina kosa. Akanisihi: kitu kikikuomba neno la siri, uliza kwanza kimetoka kwa nani. Nimelia kama mutoto. Nimeapa.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Mungu ni mwema! Ujumbe umeingia: nafasi ya pili ya stage imepatikana, lakini nifanye haraka. Niandike tu neno langu la siri kuthibitisha. Namba siijui. Bila shaka ni ya sekretariati ya shule.

Mama, na kuku zake, tayari kwa misa, akauliza kimetoka kwa nani. Nikamuambia mambo ya mashini hawezi kuyaelewa. Nimeandika. Wamejibu asante sana. Watu wa adabu! Nimeanza kufunga sanduku.