Vita vya Mawe Mia Tano na Themanini

Kaeni kitako, enyi watu wa Uriri na wa Macalder, nanyi mliotoka pande za Homa Bay mkifuata riziki! Zimeni redio, mtulizeni mtoto anayelia, kwa maana leo nasimulia jambo ambalo wafalme hawakuliona na majemadari hawakuliota: jinsi Bravin wa Rangwe, mwana wa mwuza maharagwe, Mshika Chaki, Mpiga Pasi wa Suruali, Bwana wa watoto hamsini na wanane, alivyoingia vitani na andalio la somo mkononi, na jinsi alivyotoka. Nipe pumzi, ewe Mola uliyeumba koo za wasimulizi, na unipe na subira pia, kwa kuwa shujaa huyu anachosha.

Bravin alikuwa mwalimu tarajali, wiki yake ya tatu kazini, katika shule moja ya mabati isiyo mbali na machimbo ya dhahabu ya Osiri. Alifika na sanduku, pasi ya makaa, na maneno mengi aliyoyabeba kutoka chuoni. Siku ya Alhamisi angekaguliwa darasani na naibu wa mwalimu mkuu, Madam Nyasuguta. Akipata alama nzuri, anabaki. Akipata mbaya, anafunga sanduku na kurudi Rangwe kwa mama yake, ambaye tayari alikuwa amelitangazia soko zima kwamba mwanawe sasa ni Japuonj, yaani Mwalimu, na asiitwe tena Bravin na mtu yeyote aliye chini ya miaka sitini. Hapo ndipo roho ya kijana wetu ilipokuwa imening'inia.

Na adui wake alikuwa nani? Adui alikuwa namba saba.

Ndiyo, cheka tu. Tangu siku ya kwanza jeshi la Gredi ya Kwanza lilikuwa likienda vizuri hadi sita, kisha linasambaratika: huyu anarukia tisa, yule anarudi mbili, na mmoja kule nyuma anaanzisha wimbo wa kanisa. Mourine, binti wa miaka sita mwenye sweta ya dada yake, alikuwa akifika sita ananyamaza kabisa na kumkodolea mwalimu macho, kana kwamba mwalimu ndiye aliyepotea njia. Tena ilikuwa lazima wahesabu kwa Kiingereza. Bravin alikuwa amepiga marufuku Dholuo, lugha ya nyumbani kwao wote, darasani, ingawa siku alipojibana kidole kwenye dawati hakulia kwa Kiingereza.

Wakati wa mapumziko shujaa alikuwa akikaa peke yake na kikombe cha chai, akitafakari, maana chuoni waliagizwa waandike tafakari kila siku. Lo, tafakuri gani hizo! Alitafakari kwamba watoto wa machimbo wana vichwa vizito. Alitafakari kwamba wazazi hawajali elimu. Alitafakari kwamba ukuta una nyufa, kwamba chaki ni duni, kwamba waliotunga mtaala hawajawahi kufika Osiri. Alizunguka dunia nzima akimtafuta mwenye kosa, akarudi na chai imepoa, na mtu mmoja tu hakumkuta njiani.

Basi Jumatano, saa ya kwenda nyumbani, akapanda juu ya kiti na kutoa amri kuu.

"Enyi wanafunzi wangu wapendwa!" alinguruma mbele ya watoto waliokuwa wakitafuta viatu vyao. "Umewadia wakati wa kujifunza kwa vitendo! Kesho kila mmoja wenu, bila kukosa, aje na mawe kumi. Narudia, kumi! Yatoke nyumbani kwenu. Yasitoke barabarani, maana barabara ina kinyesi cha ng'ombe, nami sitaki uchafu katika kona yangu ya hesabu. Mmenielewa?"

"Ndiyooo, mwalimuuu!"

Hebu tusimame hapa kidogo. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: watoto wasioweza kufika saba watajuaje kwamba wamefika kumi? Bravin hakujiuliza. Na mtu aliyekaa Osiri hata siku mbili angejua kwamba huku mtoto haambiwi alete mawe ya nyumbani. Kule Rangwe jiwe ni jiwe. Unampiga nalo mbwa, unaweka sufuria juu yake, yamekwisha. Huku jiwe lililo nyumbani halikufika hapo lenyewe. Limetoka shimoni, limepandishwa kwa kamba, limebebwa kichwani na mama wa watu. Ndiyo sehemu yake aliyokatiwa kwa kazi ya kutwa, limelala kwenye karai kando ya mlango likingoja kupondwa, kusagwa na kuoshwa, pengine litoe chembe ya dhahabu, pengine lisitoe kitu. Na shujaa wetu, kwa kuogopa kinyesi, alikuwa ameagiza mia tano na themanini ya hayo.

Alhamisi asubuhi yakaja. Yakaja kwenye mifuko ya sare, kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, ndani ya soksi. Bravin akayapokea kwa fahari, akayamwaga yote pamoja juu ya mkeka katikati ya darasa, rundo moja kubwa, kwa sababu chuoni aliambiwa rasilimali ni za darasa zima. Kila mtoto alikuwa na kumi kamili. Hilo nalo lilimpita.

Kisha akaingia Madam Nyasuguta. Simameni kidogo kwa heshima yake. Mama huyu amekagua walimu kwa miaka ishirini na mitatu, kalamu nyekundu ameichomeka kwenye nywele, na hajawahi kumwambia mtu "umejaribu." Akakaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani, akafungua fomu.

"Endelea, mwalimu. Mimi sipo."

Bravin akaendelea. Akaeleza malengo ya somo kwa watoto ambao hawakuuliza. Akainua jiwe la kwanza juu kabisa, akapaza sauti, darasa likamfuata kwa Kiingereza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na hapo, ole wetu, ukuta ule ule! Mmoja akasema nane. Watatu wakasema kumi. Wimbo wa kanisa ukaanza. Jasho likamtiririka Bravin chini ya kola iliyopigwa pasi, akarudia tangu mwanzo, wakaanguka palepale. Kule nyuma akasikia kalamu ikiandika, ikasimama, ikaandika tena. Aliogopa. Namcheka, lakini hilo nalisema wazi: kijana aliogopa kweli.

Ndipo mlango ukajaa akina mama.

Walikuwa kumi na wawili au zaidi, leso viunoni, vumbi jeupe hadi kwenye kope, na wengine hawakuwa wamekumbuka kuziacha nyundo zao. Mbele yao alisimama Dorine, mama yake Mourine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwitaji wa abiria.

"Hodi, mwalimu. Habari ya asubuhi. Nani ametuma watoto kubeba mawe yetu?"

Bravin akavuta pumzi. Akaona hii ndiyo saa yake. "Enyi wazazi waheshimiwa," akaanza, "karibuni katika hekalu la elimu! Mnayoyaona hapa ni vihesabio, ni nyenzo za kujifunzia, nayo jamii ni mdau mkuu wa..."

"Ooyo, hapana!" Dorine akamkata. "Hiyo si nyenzo. Hiyo ni mawe ya shimo. Jana nimetoka kule na hiyo mawe kwa kichwa yangu, jua ikinipiga, shingo inauma mpaka sasa. Nimeamka leo nikuje kuponda, karai iko nusu! Nikadhani ni wezi. Nikalia, mwalimu. Nimelia mbele ya majirani, nimesingizia mtoto ya Emmah, kumbe mwizi ni serikali!"

"Ni kweli!" wakaitikia wengine, na Emmah mwenyewe kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa sikilizeni hekima ya Bravin ilivyochanua. Akainua mikono, akatabasamu. "Hakuna taabu, akina mama. Mawe yote ni haya hapa. Nitamgawia kila mtoto kumi, tutakuwa sawa."

Lo! Afadhali angewatukana. Darasa lilitikisika. Mawe si sawa! Ya shimo hili yana mstari wa kutu, ya shimo lile ni meupe na hayana kitu ndani, na kuna watoto wa wenye maduka waliokuja na kokoto kutoka nyuma ya choo! Nani achukue kokoto za choo aache jiwe lake? Bravin akarudi nyuma hatua moja, mbili, mgongo ukagonga ubao, na andalio la somo likamwanguka. Akamtazama Madam Nyasuguta kwa macho ya kuomba msaada. Madam alikuwa anaandika.

Katika makelele hayo Mourine akatoka kwenye benchi. Hakuitwa na mtu. Akapiga magoti mkekani mbele ya rundo, akasukuma mawe huku na huku kwa kiganja jinsi alivyomwona mama yake akifanya kila siku, akatoa moja, akaligeuza, akaliweka kando.

"Achiel," akasema, yaani moja kwa Dholuo.

Akatafuta, akapata lingine. "Ariyo." Lingine. "Adek."

Akina mama wakageuka kumtazama mmoja mmoja. Ang'wen. Abich. Auchiel, yaani sita, na Bravin akafumba macho akingoja aanguke. Mtoto hakuanguka. Hata hakupunguza mwendo. "Abiriyo," akasema, akaivuka saba ile iliyomtesa mwalimu wiki tatu, akaenda zake. "Aboro. Ochiko."

Tisa. Akatafuta tena. Akapekua rundo lote kwa utulivu, akatazama yale tisa, akatazama vidole vyake.

"Imebaki ngapi, mama?" Madam Nyasuguta akauliza kutoka nyuma, taratibu.

"Moja," Mourine akajibu. "Iko kwa meza ya mwalimu."

Macho ya watu wote yakageuka mezani. Na kweli, juu ya rejista palikuwa na jiwe moja lenye mshipa unaong'aa, ambalo Bravin alilichagua asubuhi kwa sababu lilimpendeza, likawa la kuzuia karatasi zisipeperuke.

"Hilo," shujaa akasema, "hilo nililiazima kwa sababu za kielimu."

"Za kielimu!" Dorine akapiga makofi, na akina mama wakacheka mpaka vumbi likawatoka mabegani. Hata walionuna walicheka.

Basi, enyi wasikilizaji, hapa ndipo penyewe. Kutoka mezani hadi mkekani ni hatua nne. Mashujaa wa zamani walivuka majangwa. Bravin wa Rangwe alivuka hatua nne, jiwe mkononi, mbele ya watu waliokuwa wakimcheka, na mtu aliyeshika kalamu ya maisha yake akimtazama. Hatua ya kwanza alikuwa bado anatafuta la kusema. Ya pili hakulipata. Ya tatu aliacha kutafuta. Ya nne akachuchumaa, suruali ikapoteza mikunjo yake yote, akaliweka jiwe kwenye kiganja cha mtoto.

"Apar," Mourine akasema, akampelekea mama yake kumi kamili.

Na baada yake wakaja wengine, benchi baada ya benchi, kila mmoja akichagua yake, akihesabu kwa sauti, akimkabidhi mzazi. Na ambao mama zao hawakuwapo walifunga yao kwenye soksi walizokuja nazo. Hakuna aliyerukia tisa. Hakuna aliyeimba. Mawili yaligombaniwa, Emmah akayatazama mara moja na kuamua. Kufikia saa nne kasorobo mkeka ulikuwa mtupu, isipokuwa kokoto za choo, ambazo nazo zilikuwa na wenyewe.

Akina mama walipoondoka, Madam Nyasuguta akainuka kwa shida kutoka kwenye benchi lile, akaja hadi mbele.

"Mwalimu, watoto wako wanahesabu hadi kumi. Mmoja anajua na kutoa, na kutoa hujafika. Nani amewafundisha?"

Fikirini. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi wake. "Mimi, Madam." Maneno mawili tu, na kazi ni yake, na mama yake anaendelea kuringa sokoni. Chuoni walimfundisha hata namna ya kulirefusha: mbinu shirikishi, ujifunzaji unaomlenga mtoto, jamii kama rasilimali. Mimi msimulizi niliyemcheka tangu mwanzo nilijua atalisema. Alifungua kinywa. Akautazama mkeka.

"Sijui, Madam," akasema. "Nafikiri walijua. Nafikiri mimi ndiye niliyekuwa sijawauliza kitu wanachokijali."

Madam Nyasuguta akaishika tena kalamu yake. Kisha akaichukua fomu, akakata alama moja, akaandika nyingine juu yake, akairudisha kalamu kwenye nywele.

"Hiyo ndiyo andika kwenye tafakari yako ya leo. Bila kupamba. Na Jumatatu uwahi, una zamu ya uji."

Basi na ijulikane kutoka Macalder hadi Rangwe, waambiwe wanaoponda mawe na wanaouza maharagwe: Alhamisi ile, saa nne kasorobo asubuhi, katika Gredi ya Kwanza, mwalimu mmoja hakujua jambo, na akasema kwamba halijui. Hakuna mji uliotekwa wala mfalme aliyeanguka. Sijawahi kuona ushindi mdogo namna hii ukihitaji mawe mengi namna ile, lakini ndio tulioupata; pigeni vigelegele, msiwe wachoyo.