Kapu la Taka la Ustadhi Zakwani

Jumamosi, tarehe 4 Mfunguo Tano

Bahati yangu ilikuwa kwenye taka! Kila asubuhi, kabla sijapanga pete zangu, nafagia kwa Ustadhi Zakwani, yule msomi wa mawe. Karatasi anazotupa nachukua mimi. Mgongo mweupe naandikia mambo yangu, kama hivi. Leo nikasoma upande wa mbele. Feruzi, lile jiwe la bluu, ikipauka ilowekwe kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, rangi itarudi. Ushahidi: pete za wachinjaji hazipauki.

Na mimi feruzi ninayo! Ya marehemu bibi. Kubwa kama yai la njiwa, rangi ya jivu.

Safu ya maduka ya vito hapa Nishapuri ina duka moja tupu. Khoja Isfandiyari, mkubwa wa safu, katangaza: Alhamisi, anayelitaka alete kito kimoja, Ustadhi akipime. Mwenye kito bora apewe duka. Miaka sita mimi nauza chini, kwenye mkeka, karibu na watengeneza ngozi. Harufu yao naiota mpaka usingizini. Narguli, mke wangu, kasema nikilikosa hili mawe basi, nikamchungie mbuzi wake. Mbuzi huyo anapendwa kuliko mimi.

Jumapili, tarehe 5

Nimekwenda kwa Kakuya mchinjaji kuhakikisha. Pete yake bluu kama mbingu! Nikamwuliza anaitunza vipi. Akasema haitunzi, yeye anachuna kondoo tu. Si ndiyo elimu hiyo? Nikanunua mkia mzima.

Narguli akauliza karamu ya nani. Nikamwambia ya jiwe. Akasema bora ningesema ya mwanamke mwingine, angenielewa.

Jumatatu, tarehe 6

Limeamka! Bluu! Nimecheza peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaanguka.

Furaha haikufika adhuhuri. Mahmuya, wa mkeka wa jirani, katoa zumaridi. Eti kaachiwa na mjomba. Mjomba gani? Wajomba zake wote nawajua, hakuna hata mmoja mwenye viatu. Mashavu yamemjaa ule udongo wetu mweupe wa kuliwa, anautafuna huku ananiambia: kaka Gurgini, nikipata duka njoo unifagilie, si umeshazoea ufagio? Nikacheka naye. Ndani nilikuwa nachemka.

Jumanne, tarehe 7

Kapu lina jibu! Nyoka mwenye sumu akitazama zumaridi ya kweli, macho yake hupasuka. Limeandikwa kwa mkono wa Ustadhi mwenyewe.

Sasa sikia. Ya Mahmuya ni kioo, hilo halina mjadala. Namleta nyoka Alhamisi, anaitazama, macho yanabaki mazima, Mahmuya kaumbuka mbele ya safu nzima!

Nyoka nimemkodi kwa mchezesha nyoka wa lango la mashariki. Kasema meno ya sumu kashayang'oa. Nikamwuliza, yote? Akasema karibu yote.

Jumatano, tarehe 8

Nyoka yuko chini ya kitanda, ndani ya kapu. Narguli kahamia kwa mama yake. Mbuzi kaenda naye.

Alhamisi, tarehe 9

Naandika nimekaa upande mmoja.

Kaanza Mahmuya. Ustadhi akaipima uzito zumaridi yake ikiwa kavu, akaipima tena ndani ya maji, akapiga hesabu zake kimyakimya. Akasema ni zumaridi, tena safi. Nikapiga kelele: kioo hicho! Nikafunua kapu. Nyoka akatoka taratibu, akaitazama zumaridi vizuri kabisa, macho mazima. Nikawaambia, si mmeona!

Hakuna aliyeona. Safu nzima ilishapanda juu ya meza. Khoja Isfandiyari alikuwa kanipanda mimi. Mzito yule mzee! Tukaanguka wote, mimi chini. Nyoka akaingia kwenye duka tupu, akajikunja pembeni. Yeye ndiye wa kwanza kulipata.

Alipokamatwa, ikaja zamu yangu. Jua kali, jiwe linadondosha mafuta, paka watatu wananifuata. Ustadhi akalitumbukiza majini, maji yakawa kama supu. Akaagiza maji ya moto na sabuni. Akasugua. Jivu likarudi lote! Akasema feruzi ni ya kweli, ila ilikufa zamani na imezikwa kwenye mchuzi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Duka kapewa Mahmuya.

Baadaye Ustadhi akaniita kando. Kwa upole, sikutegemea. Akauliza nani kanifundisha mambo haya. Nikamwambia ni wewe, nikatoa karatasi zangu. Alicheka kilemba kikalegea. Akasema: mwanangu, nimezitupa hizi kwa sababu nimeyajaribu yaliyomo, nikakuta si kweli. Nyoka wangu kakaa na zumaridi msimu mzima wa baridi, kilichompata ni kunenepa. Feruzi ya mafuta inang'aa siku mbili tu. Yaliyothibitika yako kitabuni, kitabu kiko rafuni, njoo nikusomee bure.

Nikamshukuru sana.

Jumamosi, tarehe 11

Narguli karudi. Kanishikisha kamba ya mbuzi. Kutwa nzima niko malishoni, nafikiri.

Na Ustadhi nimempata! Mjanja kweli yule mzee. Kitabu kiko rafuni, kila anayepita anafunua. Mtu mwenye akili zake ataweka siri humo? Siri anaitupa kwenye taka, pasipoangaliwa na mtu! Na kile kicheko, na ule upole, yote ni kunipoteza njia.

Asubuhi nilifagia kama kawaida. Akaniuliza tuanze kusoma? Nikasema mgongo unaniuma. Kitabu sikukigusa. Kapu ndilo nililoligusa. Karatasi mpya, wino haujakauka vizuri: almasi haivunjwi kwa nyundo wala kwa moto, ila ikilowekwa kwenye damu ya mbuzi ingali ya moto, hulainika kama jibini.

Khoja Isfandiyari ana almasi ambayo Nishapuri nzima hakuna aliyeweza kuitoboa. Atakayeitoboa atanyimwa duka kweli?

Mbuzi wa Narguli kaacha kula majani. Ananitazama. Na mimi namtazama.