Kitabu cha Shemeji Hakishiki Vumbi

Jumatatu, 3 Machi

Baada ya kipindi cha asubuhi nimepita maktaba ya chuo kukijulia hali kitabu changu. Kipo. Nakala zote zipo, zimesimama bega kwa bega pale pale nilipoziacha mara ya mwisho. "Tabia za Udongo Mfinyanzi Nyakati za Masika." Miaka ya jasho. Jalada gumu. Nimefuta vumbi kwa leso.

Rafu ya chini yake kuna pengo. Hapo ndipo kinapokaa kitabu cha shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye siku hizi naye ni mwalimu katika idara yetu. Au niseme hapo ndipo kisipokaa, maana hakijawahi kutulia. "Udongo Unasema." Kitabu chembamba. Kina picha. Za rangi.

Akaja binti mmoja wa mwaka wa kwanza, akalitazama pengo, akaniuliza kama najua kitarudi lini. Nikamwambia kwa upole kwamba yupo mwandishi mwingine aliyeichimba mada hiyo kwa kina zaidi, nikamkabidhi changu. Akakipima mkononi kama mtu anayechagua tikiti maji. Akauliza kama hakuna kifupi.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anaimba. Mkuu wa maktaba amempigia simu kaka yake. Ijumaa ya wiki ijayo wanatangaza kitabu cha muhula, kile kilichoazimwa kuliko vyote. Kitawekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na mwandishi atazungumza mbele ya chuo kizima. Mpaka sasa kinachoongoza ni cha kaka yake. Ameniuliza avae gauni lipi. Nimesema sina maoni kuhusu magauni. Ninayo kuhusu picha za rangi, lakini hayo hakuuliza.

Ikumbukwe kwamba kijana huyu alipokuwa anasoma aliishi kwangu. Alikula kwangu. Leo nafuta vumbi, yeye anapigiwa simu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Mwanafunzi akiazima kitabu anakaa nacho siku chache. Mwalimu anaruhusiwa kukaa nacho muhula mzima. Basi kila nakala ya shemeji ikirudishwa, naichukua mimi. Wanafunzi wakikikosa watafanya nini? Watanyoosha mkono rafu ya juu. Sio hila. Ni kuazima, na maktaba ipo kwa ajili hiyo.

Nimeshinda karibu na kaunta nikijifanya nasoma gazeti. Kila nakala iliyoingia, nimeinuka. Pale kaunta yupo mkutubi tunayemwita Mama Kimya, kwa sababu anaongea kama mtu aliyetoka kumlaza mtoto. Amenitazama juu ya miwani yake, akaninong'oneza:

"Unampenda kweli shemeji yako, Mwalimu."

Nikamnong'oneza kwamba sisi ni familia iliyoshikamana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezifuata nakala zilizobaki. Moja nimeikuta kantini, imefunguliwa mbele ya kijana anayekunywa chai. Nikamwambia nimesikia kurasa za katikati zimechapwa vibaya, airudishe kabla hajajifunza uongo. Alikwenda kuirudisha. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Buti ya gari imejaa. Kiuno kinauma. Lakini kazi imekamilika, hakuna nakala hata moja ya "Udongo Unasema" iliyo mikononi mwa mwanafunzi. Nimesimama nyuma ya rafu kuona matokeo. Wamekuja wengi. Wameliangalia pengo, wamekwenda kaunta kuandikisha majina ili kikirudi wapewe, wameondoka. Hakuna aliyenyoosha mkono rafu ya juu.

Ni mapema bado.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ametoka kuchukua mifuko ya sokoni kwenye buti. Amerudi bila mifuko. Kila mkono umeshika kitabu cha kaka yake. Ameuliza vyote vile vinafanya nini mle.

Nikasema navitumia kufundishia. Sijui ulimi uliyatoa wapi.

Akakaa chini. Akasema amenikosea. Amekuwa akidhani namwonea wivu kaka yake, na jambo hilo limemnyima raha kwa muda mrefu, kumbe mwenzake natembea na vitabu vya ndugu yake kwenye gari. Nikaonyesha kushangaa kwamba mtu anaweza kunifikiria hivyo. Kabla sijamzuia, simu iko sikioni.

Shemeji alifika chai haijapoa. Akanikumbatia mlangoni. Alidhani nimevinunua. Nikaacha adhani. Kisha akaomba kalamu. Akakaa mezani, akavuta kitabu kimoja baada ya kingine, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kimoja akaandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake mkubwa: "Kwa shemeji yangu, mwalimu wangu." Na sahihi. Muhuri wa maktaba uko ukurasa wa mwisho. Hakufika huko.

Nilitaka kumzuia. Lakini ningeanzia wapi? Nilimsogezea chai.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Kimya amenipokea kama bwana harusi. Amenong'ona kwamba ana habari njema. Tangu nianze kuazima, kitabu cha shemeji kimepaa. Kila nakala niliyochukua, kompyuta imeihesabu. Kila mwanafunzi aliyekikosa ameingia kwenye foleni ya kusubiri, na hiyo foleni nayo kompyuta imeiona. Kwa hiyo maktaba imeagiza nakala nyingine. Akaninyooshea kidole. Toroli zima, zinang'aa, bado zinanukia wino.

"Sasa hana mpinzani," akasema. "Na umesaidia sana, Mwalimu."

Nikauliza zitakaa wapi zote hizo. Akasema rafu ya juu. Vilivyokuwa pale havijaazimwa miaka na miaka, vinashushwa stoo ya chini, kule wanakoweka viti vibovu. Nikageuka. Kulikuwa na toroli la pili limeegeshwa ukutani. Juu kabisa niliona jalada ninalolijua kama uso wangu.

Nimefikiri haraka. Kitabu kilichoazimwa leo hakiwezi kuitwa hakiazimwi. Nikasema naviazima, vyote, sasa hivi. Mama Kimya akaingiza kadi yangu kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa kwa huruma. Mwalimu naye ana kikomo chake. Kadi yangu imejaa.

Imejaa shemeji.

Jumanne, 11 Machi

Nimevipandisha vitabu vya shemeji kutoka garini mpaka kaunta, safari baada ya safari, ili kadi ipumue. Wanafunzi waliokuwa wakivisubiri wamenipisha njia kama mgonjwa.

Mama Kimya akafungua cha kwanza. Akafungua cha pili. Akafungua cha tatu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaongea kwa sauti.

"Nani ameandika humu?"

Maktaba nzima iligeuka. Nikasema ni mwandishi mwenyewe. Akasema hata angekuwa mwenye chuo. Kitabu cha maktaba kilichoandikwa kwa wino hakipokelewi, kinaletwa kipya badala yake, na mpaka kiletwe, kadi imefungwa. Nikauliza lile toroli la ukutani linashuka stoo lini. Kesho, kabla ya kufunga.

Nimekimbilia duka la vitabu. "Udongo Unasema" kimekwisha. Muuzaji ameniambia kinatoka sana, kisha akaniuliza kwa nini nimekunja uso.

Mtu mwenye nakala mpya ni mmoja tu. Na katika ukoo huu, mtu mwenye kadi ya maktaba iliyo wazi ni huyo huyo.

Jumatano, 12 Machi

Ofisi yake iko mlango wa pili kutoka wangu. Imenichukua nusu ya asubuhi kufika.

Nilikuwa nimejiandaa. Nimemwambia kwamba, kusema kweli, vile vitabu ni vya maktaba, ila baada ya sahihi yake moyo wangu umekataa kuachana navyo. Nataka kuipa maktaba vipya, vile vyenye maneno yake vibaki kwangu. Macho yake yakajaa machozi. Akainama, akavuta boksi chini ya meza, akalisukuma miguuni pangu. Akasema nichukue vyote, na nisithubutu kumshukuru.

Nikatazama dari. Nikasema kuna jambo lingine, dogo tu, halina maana. Kuna vitabu vinashushwa stoo leo. Nadhani kimojawapo ni changu.

Alisimama. Hakuchukua koti wala mwavuli. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja kwenye mvua, mtu mzima, mwandishi wa kitabu cha muhula, anakimbia huku ameshika kadi ya maktaba mdomoni ili mikono iwe huru. Aliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye soksi. Nakala zangu zote zilikuwa kifuani, ndani ya shati. Kavu. Akazipanga mezani kwangu moja moja. Akasema:

"Hiki hakiendi stoo, shemeji. Labda mimi niende."

Nikatoa leso, nikafuta macho. Nadhani ni mafua.

Nyumbani chakula kilikuwa tayari, lakini mke wangu hakula. Amekutana na Mama Kimya dukani, akasimuliwa. Alinipakulia, akakaa mbele yangu, akanitazama nikitafuna. Mwisho akasema, taratibu, "Angekuwa mtu mwingine angekucheka, baba watoto. Yeye amelowa."

Sikumaliza wali.

Ijumaa, 14 Machi

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mke wangu amevaa gauni la kijani. Linampendeza, na nimemwambia.

Shemeji alipanda jukwaani na kitabu mkononi. Nikadhani ni kile cha picha. Alipokinyanyua nikaona ni changu.

Akasema alipokuwa mwanafunzi, kichwa chake kilikuwa kigumu, na mara mbili aliomba kuacha chuo. Wakati huo alikuwa anaishi kwa dada yake, na mume wa dada yake alikuwa anaandika kitabu. Kila asubuhi kapu la takataka lilikuwa limejaa kurasa zilizokunjwakunjwa. Alikuwa anaziokota, anazinyoosha kwa pasi, anazisoma. Akasema ameelewa udongo kutoka kwenye kapu lile. "Udongo Unasema" si chochote ila kurasa hizo, akasema, pamoja na picha kwa ajili ya watu wazito kuelewa kama yeye. Kisha akaniomba nisimame.

Nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo nilidhani pasi inaharibika kwa sababu ya maji.

Nikasimama. Mama Kimya, kwenye safu ya mbele, alikuwa anapiga makofi bila kutoa sauti. Hotuba ilipokwisha wanafunzi walimiminika moja kwa moja kaunta. Shemeji alikuwa ameshazirudisha nakala zangu asubuhi, na kabla ya saa ya kufunga hapakuwa na hata moja kwenye rafu. Nimekwenda kuliona pengo langu. Pengo zuri sana. Nimelitazama mpaka mlinzi akazima taa.

Tukirudi, mke wangu alinishika mkono. Nimemwambia yote, kuanzia lile gazeti la Jumanne. Alicheka mpaka akasimama kando ya barabara. Kisha akafuta macho na kusema sasa nimejua kaka yake ni mtu wa namna gani.

Nimejua. Leo nimejifunza jambo kubwa. Nitaliandika kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekaa kulitafakari lile jambo kubwa.

Shemeji alipotajwa kuwa mshindi, makofi yalikuwa ya kawaida. Alipoanza kunisifia mimi, ukumbi ulisimama. Lakini ulisimama kwa ajili ya nani? Niliwasikiliza watu mlangoni wakitoka. Hakuna aliyesema kitabu kizuri, changu wala chake. Wote walikuwa wanasema, "Mtu mnyenyekevu yule." Asubuhi hii mkuu wa idara ametuma ujumbe kwa walimu wote, tuige unyenyekevu wa mwenzetu. Wote, yaani na mimi.

Ndipo nimeelewa. Kumbe kitabu si kitu. Kinachopigiwa makofi ni unyenyekevu, na huo mimi ninao kumzidi kwa mbali. Nimekuwa nao miaka mingi bila kumwonyesha mtu, na hilo ndilo kosa langu.

Nimeshaandika hotuba ya kumsifia shemeji. Ni ndefu kuliko yake. Ndani yake nalia mara mbili. Jumatatu namwona mkuu wa idara aniitishie ukumbi, ikiwezekana ule mkubwa.

Mke wangu ametokea mlangoni, ameuliza naandika nini tangu asubuhi. Nimemwambia ni jambo dogo tu, sipendi kujisifu.