Mistari Minne ya Fonia ya Kalemie

Ifahamike kwa wote, wa bara na wa ziwani, kwamba Kalemie ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Zaïre nzima kuyafundisha mawimbi ya hewani adabu. Kabla ya hapo yalikwenda ovyo. Fonia, ile redio ya kuzungumza na Lubumbashi, ilikuwa moja, njia yake hewani ilikuwa moja, na saa za kuongea zilikuwa za asubuhi tu, umeme wa bwawa la Bendera ukipenda. Aliyefika kwanza alisema kwanza. Muuza dagaa aliweza kumtangulia mkuu wa idara, na hakuna aliyeona haya.

Aliyeona haya ni Citoyen, yaani Mwananchi, Anatole, Mkurugenzi wa Idara ya Sauti za Mbali. (Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku miaka ile, kwa hiyo yalitumika kila mahali isipokuwa kwenye karatasi.) Anatole alikuwa mtu wa fikra. Alijifungia ofisini, akafikiri mpaka chai ikapoa, akatoka ameigawa njia ile moja katika mistari minne. Wa kwanza ulikuwa wa salamu za mapendo kwa uongozi. Wa pili wa utawala, wa tatu wa biashara, na wa nne wa mengineyo, yaani magonjwa, vifo, uzazi na mambo mengine yasiyolijenga taifa. Mstari wa chini hausemi hata neno mpaka wa juu umekwisha. Benchi la mstari likijaa, ujumbe unaozidi utahesabiwa kuwa haujazaliwa.

Na kwa kuwa unyenyekevu ni pambo la kiongozi, hakudai wananchi wahangaike kuwasalimu wakubwa wa mbali. Aliandika tu: “uongozi ulio karibu.” Ulio karibu ulikuwa yeye. Tangazo liliposomwa uani watu walipiga makofi, maana askari alikuwa anaangalia nani hapigi.

Mwanzoni mambo yalinyooka mno. Makarani wa Anatole walimsalimu Anatole asubuhi nzima, na mstari wa nne ukakaa kimya kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Katika benchi hilo aliketi Mama Adolphine, muuza dagaa mwenye asili ya Fizi. Binti yake Rosalie alikuwa amelazwa hospitalini Lubumbashi, tumbo limevimba, na madaktari hawakutaka kumpasua bila neno la mama.

“Papa Fidèle,” akamwambia opereta wa fonia, “ni neno moja tu: ndiyo. Wapasue mutoto. Ile neno haimalize hata pumzi moja.”

“Mama, uko mustari ya nne. Mbele yako kuko salamu za wapishi wa Citoyen Mkurugenzi.”

“Mutoto yangu afe sababu ya wapishi?”

“Karatasi njo inasema vile, Mama. Si mimi.”

Mama Adolphine akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kisha akajifuta machozi kwa kitenge, akahamia benchi la kwanza. Zamu yake ilipofika alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. “Sisi wauza dagaa tunamupenda Citoyen Anatole, baba yetu, mwangaza wa ziwa, kupita viongozi wote! Na sababu ya ile mapendo, wapasue Rosalie leo.”

Fidèle akaipitia kanuni. Mapendo yalikuwemo. Ujumbe ukaenda, Rosalie akapasuliwa, akapona.

Kalemie si mji wa kuficha habari njema. Kesho yake benchi la kwanza lilijaa hadi mlangoni. Anatole aliabudiwa na magunia ya chumvi, akasifiwa na harusi ya Mpala, akapendwa kufa na mjane aliyekuwa anatafuta baiskeli ya marehemu. Mabenchi mengine yakabaki matupu, na Mkurugenzi alisikiliza yote dirishani, machozi yakimlengalenga.

“Louise,” akamwambia mkewe, “sikujua.”

“Hata mimi sikujua,” Louise akajibu.

Lubumbashi nayo, walikokaa wakubwa wa jimbo, ilikuwa haijui, na haikufurahi kujua. Asubuhi moja likaja swali: “Kalemie ina mtu anayependwa kupita viongozi wote. Mapendo hayo ni maandalizi ya nini? Ajibu leo kabla fonia haijafungwa. Akinyamaza, amekiri.” Zama zile kiongozi alisamehewa wizi hata mara mbili, lakini kupendwa bila ruhusa kulikuwa na gereza lake.

Anatole alifika kwenye fonia mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, na karatasi mkononi: “Nathibitisha kwamba sipendwi na mtu yeyote.”

“Niweke mustari gani, Citoyen?” Fidèle akauliza.

“Wa kwanza, haraka!”

“Wa kwanza lazima uanze na mapendo. Niseme, ‘Anatole, mwangaza wa ziwa, anasema hapendwi’?”

“Basi wa pili!”

“Hii si utawala, Citoyen, njo shida ya muntu mumoja. Mustari ya nne.”

“Naibadilisha kanuni sasa hivi!”

“Kubadilisha kunataka ruhusa ya Lubumbashi, ulitia sahihi mwenyewe. Na ile ombi njo utawala, mustari ya pili. Bado haijasema tangu tuanze.”

Mkurugenzi akaketi peke yake katika benchi la nne. Mbele yake mji mzima ulimpenda mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, na jua likazidi kupanda. Fidèle alikuwa ameanza kutazama saa yake. Anatole akaona amebaki na mtu mmoja wa kumwokoa: Mama Adolphine, mwenye zamu iliyofuata, aliyekuja kumwambia Rosalie apande treni arudi nyumbani. Akamsogelea akiwa ameinama.

“Mama, nakuomba. Ukifika pale, nitukane. Kidogo tu. Sema mimi ni mwizi.”

Mama Adolphine alimtazama, na kwa kweli alimhurumia.

“Papa, mutoto yangu iko inangoja neno. Nikikutukana, watanirudisha mustari ya nne.”

Akakaa sawa mbele ya kipaza sauti, akasafisha koo, akaanza kumpenda.