Niliulizwa Tabia za Badawi

Jumatano, 5 Novemba
Badawi ameweka picha nyingine! Majani mekundu, benchi, yeye na skafu shingoni. Ya nane wiki hii. Mama amekuja kuniuliza kama nimeiona. Nimeiona. Mji mzima wa Amu umeiona. Hata muuza mahamri kaniuliza ni kweli Ujerumani miti hugeuka myekundu kabla ya baridi.

Mimi ndiye niliyemtolea kopi za makaratasi ya viza, hapa hapa dukani, arubaini, zote safi. Laiti mashine ingekwama siku ile! Sasa yeye anasomea uhandisi, mimi bado niko na mashine. Roho inaniuma, na siwezi kumwambia mtu.

Ijumaa, 7 Novemba
Balaa. Mamake Badawi amepeleka posa kwa Bwana Abdulwahid. Anamtakia mwanawe binti wa mzee huyo, Ruwaida. Ruwaida wangu! Haya, mwenyewe hajui kuwa ni wangu. Miaka mitatu namtolea kopi za michoro ya darasa la chekechea analofundisha, na kila siku najiambia kesho nitasema.

Lakini subiri. Baada ya sala ya Ijumaa Bwana Abdulwahid alinishika mkono. Alisema mimi na Badawi tumekua pamoja, basi nije nimweleze tabia zake, nzuri na mbaya, nisifiche kitu, kwani ni amana. Nikasema inshallah, Jumapili alasiri. Mbaya! Kaziomba mwenyewe!

Jumamosi, 8 Novemba
Nilimrekodia Badawi ujumbe mtamu: ndugu yangu, waishije huko? Mjinga kanijibu kwa ujumbe wa dakika kumi na moja. Kalalamika yote! Saa kumi na nusu jioni kiza kimeshaingia. Koti kanunua la mtumba, vifungo kashona mwenyewe. Ngazi za bweni anazipiga deki kwa zamu. Anapika dengu Jumapili, anazila hadi Alhamisi. Jirani alimgombeza kwa kutupa kifuniko cha chupa kwenye pipa lisilo lake, naye akafurahi, eti angalau mtu kamsemesha.

Hapo moyo ulitaka kunilegea. Nikaukaza. Makosa saba nimeyaandika kwenye karatasi, na kopi nimetoa.

Jumapili, 9 Novemba
Nimerudi. Tulikaa dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa Bwana Abdulwahid, kahawa na halua. Nikavaa uso wa huzuni, nikasema Badawi siku hizi anavaa mtumba. Akasema mashallah, hana israfu. Nikasema anasugua ngazi wanazokanyaga watu. Akasema basi hana kiburi. Nikasema dengu zile zile anazila siku tano. Akacheka, akasema huyo hatamsumbua mke. Nikaichungulia karatasi yangu. Nikasema hana marafiki, ni chuo na chumbani tu. Mzee akafumba macho. Akasema kijana wa leo, yuko Ulaya, na hatoki!

Nikatupa kombora langu: msikiti uko mbali, anatembea saa nzima kwenye baridi, na mara nyingine huchelewa. Mzee akatoa leso, akafuta machozi. La sita na la saba niliyameza pamoja na halua.

Jumatano, 12 Novemba
Posa imekubaliwa. Ruwaida alikuja dukani na michoro ya tembo, akanishukuru. Eti babake anasema hajapata kusikia mtu akimsifu rafikiye vile. Alitaka kopi kumi, nikatoa ishirini. Nilikuwa sioni vizuri.

Adhuhuri nikamtumia Badawi onyo. Ruwaida ni mkali, anasema kutwa, sauti yake yasikika mtaa wa pili. Akanijibu kwa furaha, karibu alie. Huko Jumapili hata kupigilia msumari ni marufuku, amechoshwa na kimya. Akanambia ahsante. Ahsante!

Jumanne, 16 Desemba
Theluji. Picha kumi na nne.

Kisha akapiga simu. Ana mitihani mwezi wa pili, hawezi kuja, na Bwana Abdulwahid hataki kungoja hadi baada ya Ramadhani. Ndoa itafungwa huku, yeye akiwa huko, kwa wakili. Anataka mimi nimkubalie mke kwa niaba yake. Eti hana mwingine wa kumwamini. Nikasema sawa kabla sijafikiri.

Sasa nimefikiri. Wakili ndiye anayesema nimekubali. Mdomo ni wangu! Nikitaja jina langu badala ya lake, nani atanirudisha nyuma?

Ijumaa, 9 Januari
Yamekwisha. Msikiti ulijaa. Mimi ndani ya kanzu mpya, mkono wangu mkononi mwa Bwana Abdulwahid, Badawi kwenye simu. Alikuwa nje ya bweni, eti chumbani mtandao haushiki, theluji begani, koti la mtumba, mvuke ukimtoka mdomoni.

Mzee akasema amemuoza Badawi binti yake Ruwaida. Zamu yangu. Jina langu lilikuwa tayari. Nikamtazama yule mjinga. Midomo ilikuwa inamtetemeka, sijui baridi, sijui nini. Nikasema nimeikubali ndoa ya Ruwaida kwa ajili ya Badawi. Watu wakasema mashallah, huyu ndiye rafiki. Nikalia. Wakadhani ni furaha.

Jumapili, 11 Januari
Jana sikutoka. Leo Bwana Abdulwahid kaniita tena. Alisema kwa kuwa mimi ni mkweli, ana jambo jingine. Huwaida, mdogo wake Ruwaida, ameposwa na Jamaludin anayesoma Uturuki. Huyo Jamaludin nimekaa naye dawati moja shuleni. Nimweleze tabia zake, nzuri na mbaya.

Nikasikia Huwaida akicheka nyuma ya mlango. Subhanallah! Kicheko kile kilikuwa wapi miaka yote hii? Jamaludin amchukue Huwaida wangu? Roho inaniuma upya.

Nimeshika kalamu. Safari iliyopita nilikosea kitu kimoja tu: makosa saba yalikuwa machache mno. Ya Jamaludin nimefika kumi na tisa, na bado sijampigia simu.