Tausi Wangu na Muhuri wa Bibi Liang

Xiaobei, Guangzhou
14 Machi 2006

Ndugu Mwenyekiti Abdulwakil,

Assalaam alaykum. Samahani kukuandikia barua hali tunakaa jengo moja, lakini jambo la mdomo hukanushika, nami sitaki hili likanushike.

Unajua binti yangu Swalha anaolewa Unguja baada ya miezi miwili. Nimemwagizia sahani sitini zenye picha ya tausi, na kontena linafungwa bandarini Huangpu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sasa nimedhulumiwa, na Chama chetu cha wafanyabiashara wa hapa kiniokoe.

1. Tausi ni wangu. Mimi ni mtu wa vitambaa, lakini nilimchora kwa mkono wangu, nyuma ya risiti ya soko la Zhongda, asubuhi nzima, mpaka chai ikapoa. Bibi Liang mwenye karakana kazi yake ni kufinyanga sahani, kuzipaka rangi na kuzichoma tu. Basi.

2. Nilimwagiza chini ya sahani aandike "Kazi ya Hafidh". Sahani ya mfano ilipokuja, nageuza, loh! Pembeni ya jina langu kagonga muhuri wake mwekundu. Nikamwambia, laoban, yaani bosi, ondoa. Akatikisa kichwa: bu xing, haiwezekani.

3. Mchawi ni Mrusi mmoja anayenunua vyungu hapo karakanani. Kamwambia ati kwao chini ya chungu huandikwa mchoraji na fundi, wote wawili. Tangu siku hiyo Bibi Liang hashikiki. Warusi wana baridi kwao, wanabanana hata kwenye majina. Sisi inatuhusu nini?

4. Tukilinyamazia hili, kesho atakuja mchimba udongo naye anataka jina. Kesho kutwa mchochea tanuri. Kisha wakala wa Huangpu, na kuli aliyebeba sanduku. Chini patajaa, majina yapande juu, na wakwe zangu wale pilau juu ya orodha ya wafanyakazi.

5. Nilimpigia simu mke wangu anipoze roho. Bimdogo akaniuliza: hiyo kofia unayovaa Ijumaa, Bibi Swabra kachora, mimi nimetarizi miezi minne, je, ni ya nani? Akaongeza kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu sahani haina chawa, nikamwambia kadi imekwisha. Kadi haikuwa imekwisha.

Mwenyekiti, nikwambie ukweli. Nilimwacha Swalha ana miaka kumi na nne, leo ana ishirini. Alipomaliza shule sikuwepo. Nataka kila akiosha sahani, akiigeuza, aone jina la baba yake, na la baba yake peke yake. Inaniuma.

Kwa hiyo naomba, wewe unayejua Kichina, twende Alhamisi umwamuru Bibi Liang azifanye zote kama nilivyochora, asiongeze wala kupunguza hata mstari, na muhuri aondoe. Nimekwisha kumwagiza sahani moja ya namna hiyo iwe ushahidi. Ikifika nitaiambatanisha.

Wasalimie wote wa ghorofa ya saba, na Clément mwambie sufuria yake ninayo.

Ni mimi mwenye tausi wake,
Hafidh Msabaha

N.B. Kabla sijafunga bahasha, sahani ya ushahidi imeletwa. Bibi Liang kafuata agizo langu mstari kwa mstari, na jina ni langu pekee. Jamani, Mwenyekiti, huyu si tausi. Huyu ni kuku, tena kanyeshewa, na mguu mmoja unatokea shingoni. Kumbe kwenye ile ya kwanza yule mama alimnyoosha shingo, akampa mkia, akanyamaza, asinifedheheshe. Alichotaka ni muhuri usiozidi ukucha.

Alhamisi twende vilevile, lakini twende kuomba radhi. Zote sitini ziwe kama ile ya kwanza, muhuri wake utangulie, na jina langu, akiridhia, lifuate. Swalha ataliona tu.

Na Bimdogo akikupigia, mwambie kofia ni yake na Bibi Swabra. Mimi ni kichwa tu.